Ufundi na Maisha: Kabla ya kutoa bwate otomatike ndani ya gari

Mwezi huu ukurasa wetu unaingia chini ya gari. Wengi wenu mutasema: "Sisi hatuna gari, habari hizo ni za matajiri." Lakini huku kwetu gari moja ni ya watu wengi. Inamlisha mwenye nayo, shofere, kijana wa kupakiza, mama mwenye kupeleka mawese sokoni, na siku ya taabu inamfikisha mgonjwa hospitali. Ikikufa, nyumba nyingi zinasikia njaa. Basi musome pamoja.

Tuseme kijana mmoja ametoka kwenye kare. Amechimba koltani miaka mitatu, likelemba imemfikia, na kwa dola zile ananunua Toyota ya okazyo. Gari ilitoka Japani, ikashuka melini Dar es Salaam ao Mombasa. Volani iko mkono wa kuume, na bwate ya vitesi ni otomatike. Anaanza kubeba watu kati ya Bukavu na Bunyakiri. Miezi sita inapita. Siku moja, kwa kupanda kutoka Miti kuelekea pori la Kahuzi-Biega, motere inalia sana lakini gari haisogei. Fundi anatazama dakika tano, anasema: "Bwate imekufa. Tuitoe, tuweke manuweli." Anataja bei. Nyumbani pesa iliyobaki ni ya minervali ya watoto, na mama njo anaitunza.

Mama afungue sanduku ao asifungue? Hilo njo ulizo la mwezi huu. Jibu letu kwa ufupi ni hili: bwate si kitu kimoja unachoweza kutoa na kuweka kama balbu ya taa. Imeungana na motere, radiyatere, kardani, pedali na nyaya za umeme. Mwenye kuibadilisha bila kujua ni nini kilichoiua, ao bila kubadilisha vyote vinavyoambatana nayo, atalipa mara mbili. Sasa tueleze.

BWATE OTOMATIKE INAFANYA KAZI NAMNA GANI?

Kwa gari ya manuweli, motere na bwate vinaunganishwa na ambrayaji, ile wenzetu wa Tanzania wanaita klachi. Unakanyaga, unatenga; unaachia, unaunganisha. Otomatike haina pedali hiyo. Kati ya motere na bwate kuna chombo cha mviringo kilichofungwa, kimejaa mafuta. Kinaitwa konvertisere. Ndani yake kuna mapanga mawili yenye kutazamana. Moja linazungushwa na motere na kutupa mafuta. La pili linapigwa na mafuta yale, linazunguka na kupeleka nguvu kwenye bwate. Ni kama feni mbili uso kwa uso: washa moja, upepo wake utazungusha ya pili.

Ndani ya bwate yenyewe kuna diski nyembamba nyingi. Mafuta yanasukumwa na pompi, yanakaza diski hizi ao zile, na kwa njia hiyo vitesi inabadilika yenyewe. Mujue basi kwamba mafuta ya otomatike yanafanya kazi tatu: yanabeba nguvu, yanakaza diski, na yanapoza moto. Ni damu ya bwate. Bwate nyingi zinakufa juu ya mafuta: yamepunguka, yamechafuka, yameungua, ao si ya aina yake.

WANAVYOFANYA MAREKANI

Kazi hii ya kubadilisha bwate haikuanzia kwetu. Kampuni General Motors ilitoa bwate yake otomatike inayoitwa Hydra-Matic ndani ya Oldsmobile za modeli ya 1940. Kisha, katika miaka ya 1960, Wamarekani walipenda sana gari zenye motere kubwa kupita kiasi, kama vile Pontiac GTO iliyotoka 1964. Leo gari hizo ni za wazee, lakini wenye nazo wanazitunza kama vile mzee anavyotunza redio yake ya kwanza. Na kazi moja wanayopenda kuzifanyia ni kutoa otomatike ya zamani na kuweka nyingine.

Kwa nini? Tuchukue Chevrolet Chevelle ya 1970 yenye bwate Turbo-Hydramatic 350. Bwate hiyo ina vitesi tatu tu. Ya kwanza ni 2.52, maana yake motere inazunguka mara 2.52 ili kardani izunguke mara moja. Ya tatu ni moja kwa moja. Katika 1982 General Motors ilitoa bwate 700R4 yenye vitesi nne. Ya kwanza ni 3.06, ya nne ni 0.70. Piga hesabu: katika vitesi ya kwanza nguvu ya kuvuta inaongezeka karibu 21 kwa mia. Na barabarani, pale motere ilikuwa inazunguka mara 3,000 kwa dakika, katika vitesi ya nne itazunguka mara 2,100 kwa mwendo ule ule. Makelele yanapunguka, esanse inapunguka.

Sikieni sasa yanayofuata. Bwate hiyo mpya inaweza kufungwa kwenye motere ile ile, lakini ni ndefu karibu sentimita 8 kupita ile fupi ya zamani. Kwa hiyo kardani inakatwa, na chuma kinachobeba bwate chini ya gari kinarudishwa nyuma. Tena 700R4 ina kabule moja inayotoka kwa karburatere. Kabule hiyo njo inaambia bwate shofere amekanyaga kiasi gani, ili mafuta yakaze diski kwa nguvu inayofaa. Mafundi wengi wa huko wamelia juu yake. Waliweka bwate nzima, nzuri, wakaacha kabule bila kuipima vizuri. Diski zikateleza na kuungua kwa muda mfupi sana. Bwate ilikufa kwa ajili ya kabule.

Hata katika nchi ambako pyese zinapatikana kwa urahisi, kitu kidogo kilichosahauliwa kinaua kitu kikubwa. Si zaidi sana huku kwetu, ambako pyese moja inangojwa wiki nyingi? Na tangu vita ilipofika Bukavu mwezi wa pili wa 2025, kupita njiani na kutafuta pyese kumezidi kuwa kugumu.

KWANZA TAFUTA KILICHOUA

Kabla ya kusema "imekufa", fundi afanye mambo haya mbele ya macho yako. Hayaombi pesa nyingi.

1. Apime mafuta. Kwa gari nyingi, gari inawekwa pa sawa, motere ikiwa imepata moto na inazunguka. Anapitisha levye polepole katika nafasi zote, anairudisha kwa P, njo anachomoa kijiti. Aina zingine zinapimwa kwa N, na zingine hazina kijiti, zina kifuniko chini; kitabu cha gari kinasema. Mafuta yakiwa chini, diski zinateleza, na motere inalia bila gari kwenda. Ni dalili ile ile fundi aliyoita kifo.

2. Atazame rangi na kunusa. Mafuta mengi ya otomatike, yakiwa mazima, ni mekundu na yanaonekana ndani. Yakiwa meusi na yananuka kama kitu kilichoungua, diski zimeungua kweli. Yakiwa na rangi ya pinki yenye kufanana na maziwa, maji yameingia. Mara nyingi hayo yametoka radiyatere, juu kwa gari nyingi mafuta ya bwate yanapozwa na bomba linalopita ndani ya radiyatere. Hapo ukiweka bwate nyingine bila kubadilisha radiyatere, na hiyo pia itakunywa maji na kufa.

3. Aulize ni mafuta gani yaliyotiwa mara ya mwisho. Mafuta ya motere si ya bwate. Na otomatike zenyewe hazitumii mafuta ya aina moja. Ile yenye kuomba Dexron na ile yenye kuomba mafuta ya Toyota T-IV ni mbalimbali. Zile za mukaba, zisizo na vitesi za kuhesabu, zina mafuta yao kabisa. Muuzaji akisema "yote ni mekundu, yote ni sawa", ondoka.

4. Atazame kabule, nyaya na chujio. Bwate za miaka ya nyuma ziko na kabule. Za karibuni zinaongozwa na kompyuta na vifungo vidogo vya umeme. Waya mmoja uliokatwa na jiwe la njiani unaweza kuifanya bwate ibaki katika vitesi moja tu. Chujio likijaa uchafu, pompi haipati mafuta.

Baada ya hayo manne, pengine mama ataona kwamba haikuwa bwate. Ilikuwa lita mbili za mafuta na bomba lenye kuvuja.

KAMA NI LAZIMA KUBADILISHA

Tuseme diski zimeungua kweli. Kuna njia tatu, na kila moja ina hesabu yake.

Njia ya kwanza: kuweka otomatike nyingine ya namba ile ile. Si "ya Toyota" tu. Motere mbili za Toyota zinaweza kuwa na bwate zisizopatana. Usome namba kwenye kibati cha gari na kwenye bwate. Bomba la kupoza lisafishwe kabisa, kwa kuwa vumbi la diski za zamani linabaki humo. Konvertisere ibadilishwe pamoja na bwate. Na wakati wa kufunga, iingie mpaka mwisho juu ya pompi kabla ya kukaza buloni hata moja. Fundi mwenye kuvuta bwate kwa nguvu ya buloni anavunja pompi siku ya kwanza.

Njia ya pili: kutoa otomatike na kuweka manuweli. Huku kwetu wengi wanaipenda njia hii, na si bila sababu. Mafundi wa manuweli ni wengi, na diski ya ambrayaji inaweza kubadilishwa hata pembeni ya barabara. Lakini hesabu kwanza vitu vinavyotakiwa: bwate yenyewe, pedali ya ambrayaji pamoja na pompi yake ya juu na ya chini, volani nzito ya motere, juu otomatike ina kibati chembamba tu pahali pale, buloni zake, ambazo mara nyingi hazina urefu ule ule, diski, sahani na rulema zake, levye, chuma cha kubeba bwate, kardani ya urefu unaofaa, ao mikono ya magurudumu kama gari inavuta mbele, tena nyaya za taa ya kurudi nyuma na ya kipimo cha mwendo. Gari za karibuni zina kompyuta yenye kutafuta otomatike yake. Isipoiona, inawasha taa ya hatari, na pengine inapunguza nguvu ya motere.

Ndiyo maana mafundi wenye akili hawanunui bwate peke yake. Wanatafuta gari nzima ya modeli ile ile iliyogongwa, yenye manuweli, na kutoa kila kitu humo. Fundi akikuambia "pedali tutatengeneza sisi wenyewe, volani tutaipata kwa nyingine", ujue pesa yako inakwenda shuleni pamoja naye.

Njia ya tatu vijana hawaipendi: kuuza gari jinsi ilivyo, bila kuficha ugonjwa wake, kuongeza pesa ile ya ufundi, na kununua gari iliyotoka kiwandani na manuweli. Mara nyingi njia hii ni ya bei ndogo kuliko zote. Afazali kijana acheke kwa aibu leo kuliko alie mwakani.

JAMBO MOJA LA KUOGOPA

Otomatike inakubali kuwaka tu levye ikiwa kwa P ao N. Kuna kifungo cha umeme chenye kuzuia demarere mahali pengine pote. Wakati wa kuweka manuweli, mafundi wanaunganisha nyaya mbili za kifungo hicho, na gari inawaka. Kazi imekwisha, wanasema. Lakini sasa gari inaweza kuwashwa ikiwa ndani ya vitesi, na itaruka. Watoto wetu wanapenda kucheza mbele ya gari iliyosimama. Udai kifungo kiwekwe kwenye pedali ya ambrayaji, ili demarere isizunguke pedali isipokanyagwa. Ni kazi ndogo, na inalinda uhai.

MLIMA NA MATOPE

Sasa tuseme kweli: si bwate otomatike yote iliyokufa iliuawa na ubaya wake. Nyingi zimeuawa na shofere. Njia yetu, kutoka Miti kupita pori mpaka Bunyakiri na kuendelea Hombo, ina milima na matope. Mwenye otomatike ashike haya:

Kushuka: usiache levye kwa D. Bwate itapanda vitesi, motere haitazuia kitu, na freni peke yake zitabeba gari na watu wote. Zikipata moto sana zinakosa nguvu, na pedali inazama. Weka 2 ao L juu ya mlima, kabla ya kuanza kushuka. Na usishuke hata siku moja kwa N ili kubania esanse. Watu wamezikwa juu ya esanse ya namna hiyo.

Kunasa: gari ikizama kwenye matope, usipige D na R, D na R, huku umekanyaga mpaka chini. Gurudumu linazunguka bure na mafuta ya bwate yanachemka. Shusha watu, chimba, weka mawe na matawi.

Kuvutwa: otomatike haisukumwi ili iwake, kama tunavyozoea kwa manuweli. Tena isivutwe kwa kamba mbali magurudumu yenye kuvuta yakiwa chini. Pompi ya mafuta inazungushwa na motere. Motere ikiwa imezima, bwate inazunguka kavu. Kama gari inavuta nyuma, kardani ifunguliwe kwanza. Kama inavuta mbele, magurudumu ya mbele yainuliwe. Kama inavuta yote manne, ibebwe juu ya kamyo.

Kusimama: P ni jino moja dogo la chuma. Lisibebe gari nzima mlimani. Vuta freni ya mkono kwanza, weka P, na jiwe chini ya gurudumu.

MAPATANO NA GARAJI

Mwisho, neno kwa wazazi. Katika mji wetu watu wanapatana kwa mdomo, kisha wanagombana kwa mdomo. Fanyeni karatasi moja. Iandikwe: ugonjwa uliopatikana, namba ya bwate inayotoka na inayoingia, pyese zote zinazoandamana nayo, bei, na nani anabeba hasara kama bwate ikikufa kabla ya muda mliopatana. Pesa ya mwisho ilipwe baada ya gari kupanda mlima na kushuka ikiwa na mzigo, si baada ya kuzunguka garaji. Bwate ya zamani ni mali yenu. Msiiache huko bure, juu ndani yake kuna pyese zenye kununuliwa. Na mama akae kwenye mapatano. Yeye njo anajua minervali inalipwa lini.

Vijana, nanyi mujue kwamba hakuna aibu kumuuliza fundi "kwa nini". Fundi wa kweli atawaonyesha kijiti, atawanusisha mafuta, ataeleza. Yule anayekasirika akiulizwa, mara nyingi ni yeye ambaye hajui.

MAULIZO YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI

1. Kama gari ao pikipiki ya nyumbani ikikufa leo, ni nani anaamua kutengeneza, na pesa inatoka wapi?
2. Kwa nini bwate nzima inaweza kufa juu ya kabule ao radiyatere? Tutafute mfano mwingine nyumbani, wa kitu kidogo kilichoharibu kikubwa.
3. Kati ya zile njia tatu, ipi inafaa kwa gari ya kazi huku Bunyakiri, na ipi kwa gari ya mjini Bukavu?

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutazungumza juu ya freni. Mubaki salama.